Nilivyokwenda Arash Kumwombea Straika Ruhusa ya Kufunga

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Karatu, straika mwenye miguu mirefu na haraka nyingi, alinikuta kwa kinyozi akaniomba nimweleze jinsi ya kufunga goli. Nilicheza mbele miaka kumi na minne, nikafundisha miaka mingine kumi na mmoja. Nikamwambia asubiri kidogo nipange mawazo. Nywele zikaisha, mawazo hayakupangika. Yule kijana akaaga kwa adabu, na nilimwona nje akiwasimulia wenzake kitu kilichowachekesha.

Kwa hiyo naandika, nikitumaini kwamba kwenye karatasi nitaonekana najua.

Yapo ninayoyajua kweli, niyatoe kwanza yasije yakasahaulika. Uwanja wetu umeinamia upande wa barabara ya kwenda geti la Ngorongoro. Ukicheza kupanda, pasi ya mita kumi ipige kama ya kumi na tano. Ukicheza kushuka, iguse tu, barabara itaivuta yenyewe. Mchana upepo hushuka kutoka milimani na vumbi jekundu, basi kona ya upande wa kanisa ipigwe chini. Kipa usimwangalie macho, macho ya makipa yote ni ya uongo. Mwangalie miguu: mguu aliouegemea hauwezi kuruka. Na beki akija na daluga mpya, mpeleke mbio pembeni tangu dakika ya kwanza. Kufika mapumziko atakuwa anatembea kwa visigino kama bibi harusi.

Hayo ndiyo yote. Yaliyobaki kwenye kichwa changu ni ukungu.

Aliyenilea kwenye mpira alikuwa Mzee Bura, fundi wa matrekta kule kwetu Endamarariek. Alikuwa na neno moja la ufundishaji. Ukipiga shuti likatoka nje, alisema, "Tena." Ukifunga, alisema, "Tena." Siku moja, nimetoka kufunga, nilimuuliza nimekosea wapi. Akanitazama kama ninavyotazama fomu za serikali. "Hujakosea," akasema. "Tena." Nilidhani ana siri anayoificha. Leo nimefikia umri wake wa wakati ule, na nadhani mzee hakuwa na siri yoyote.

Nilikuwa mfungaji mzuri na mchezaji mwenza mbaya. Sikutoa pasi. Wachezaji wenzangu walikuwa wakishangilia magoli yangu kwa kunipiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Wakati mmoja nilifunga nikakimbia mpaka upande wa pili wa uwanja kuwapungia wazazi wa msichana niliyekuwa nikimtaka. Sikusikia kwamba refa amelikataa goli. Wapinzani wakapiga mpira haraka, wakaenda wakafunga la kwao huku mimi nikiwa bado napunga. Baba wa yule msichana alinipungia pia, na ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akinionyesha nigeuke.

Baadaye nikaenda chuo kikuu, nikasoma sosholojia, maradhi ambayo mtu haponi. Nikarudi kufundisha Uraia sekondari, na magoti yalipogoma nikawa kocha wa timu ya Karatu jioni. Jina la timu nitaliacha, ipo bado, na viongozi wake wapya wana simu na muda mwingi. Nilipelekwa kozi ya ukocha Arusha, nikarudi na koni kumi na mbili, filimbi, na ubao mweupe wa kuchorea mishale. Mshale mwekundu ni mchezaji, wa bluu ni mpira. Baada ya mwezi kalamu nyekundu ikakauka, vyote vikawa bluu, na sikuona tofauti yoyote kwenye mchezo wetu.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Saning'o.

Alikuwa mtunza bustani kwenye loji moja njia ya getini. Mmasai wa Arash, kule Loliondo, miaka ishirini na mbili hivi, mrefu, mpole, mtu wa kutumia maneno kama ameyaazima. Siku ya kwanza ya mazoezi alipiga mashuti matatu, yote yakaingia, la mwisho likafumua wavu tuliokuwa tumeushona wiki ile ile. Nikapuliza filimbi, nikampa mambo mawili matatu ya kozi, na usiku huo nikaandika jina lake la kwanza kabisa kwenye kikosi.

Ligi ya wilaya ilipoanza, hakufunga hata moja.

Si kwamba alicheza vibaya. Aliwapita mabeki kama mtu anayepita kati ya ng'ombe wake, akaingia kwenye boksi, kipa akabaki peke yake anaomba dua. Hapo Saning'o alisimama, akainua kichwa, akatafuta mtu, akampa pasi. Mara nyingi mtu huyo alikuwa Tluway, nahodha wetu, winga wa kushoto. Tluway ni dereva wa trekta, mwenye mapafu ya trekta na shabaha ya trekta. Alikuwa akipaisha. Tulishinda mechi chache kwa magoli ya kugongagonga, tukatoka sare nyingi, tukafika mechi ya mwisho tukihitaji ushindi tu ili kupanda ligi ya mkoa.

Mwenyekiti wetu, Mzee Shirima, mtu wa Rombo mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliniita dukani siku kumi kabla ya mechi. Alikuwa akipima nondo.

"Mwalimu, mbele hatuna mtu."

"Tunaye, Mzee."

"Tuna mgawa vyakula. Mtoe yule kijana, mwingize Kelvin."

Kelvin alikuwa mpwa wake. Alikuwa na viatu vizuri sana.

"Nipe siku chache," nikasema. "Kuna kitu nakichunguza."

"Chunguza. Lakini nakuambia mbele ya hizi nondo: ukimpanga yule na tukakosa kupanda, filimbi naichukua mimi. Nimevumilia mishale yako ya kutosha."

Wasomaji vijana, naomba mnielewe. Kufundisha Uraia ilikuwa ajira. Ile filimbi ndiyo ilikuwa kitu pekee kilichomfanya mtu anayenisalimia njiani asimame.

Na nilichokuwa nikikichunguza ni hiki. Nilikwenda loji mchana mmoja nikamkuta Saning'o na sahani yake ya wali, imefunikwa, yeye amekaa tu anaitazama. Nikamuuliza mbona hali. Akasema anamsubiri mwenzake, mlinzi wa geti la loji, wa rika lake, amalize zamu. Alisubiri karibu saa nzima. Mimi nikasikia kitu kinagonga kichwani. Nilikumbuka mihadhara ya chuo: morani hanywi maziwa peke yake, lazima awepo mtu wa rika lake. Mtu wa namna hiyo, mkimweka peke yake mbele ya goli, atafanya nini? Atamtafuta mwenzake!

Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimefurahi kama niliyevumbua dawa. Kulikuwa na kasoro moja: Tluway ni Mwiraqw kama mimi, hana rika na Saning'o kwa namna yoyote, na wazee wetu na wazee wao waliibiana ng'ombe kwa muda mrefu tu. Lakini nadharia nzuri hairudishwi dukani kwa sababu ya kifungo kimoja.

Je, nilimuuliza Saning'o mwenyewe? Sikumuuliza. Niliona mambo ya mila hayaulizwi vijana. Yanaulizwa kwa wenye mila, kwa heshima, na mkononi una kitu.

Basi nikanunua sukari kilo tano na majani ya chai, nikaomba lifti kwa rafiki yangu anayepeleka mboga kwenye kambi za watalii, tukapita getini na ukungu, tukashuka nyanda, tukala vumbi mpaka mifupa ikaanza kunung'unika, nikateremshwa Arash siku ya mnada. Nikauliza alipo laigwanani wa rika la Saning'o, yaani kiongozi wao, anayesema kwa niaba yao. Nilijiandaa kumwinamia mzee mwenye fimbo. Nikaonyeshwa kijana wa miaka thelathini aliyechutama kando ya duka, shuka limefungwa kiunoni, mikono myeusi kwa grisi, anafunga mnyororo wa pikipiki. Jina lake Kaika.

"Sopai," nikamsalimia kwa Kimaa.

"Ipa, mwalimu. Nishikie hapo."

Nikashika mnyororo. Nikaeleza haja yangu nikiwa nimeushika. Nilieleza kwa urefu na kwa lugha ya heshima: kwamba natambua mila zenu, kwamba sikuja kuzivunja, ila naomba, kama inawezekana, kijana wenu apewe ruhusa, ndani ya mistari ya boksi tu, dakika tisini tu, kula peke yake.

Kaika akaacha kazi. Akanitazama, akatazama sukari, akawaita wenzake wawili. Wakazungumza Kimaa kwa muda, sura zao nzito, mimi nimesimama na grisi mpaka kwenye kiwiko. Niliona jambo limeeleweka, na kwamba ni zito kama nilivyodhani.

"Mwalimu," Kaika akasema mwishowe. "Tumekusikia vizuri. Tunauliza. Hiki unachosema atakula, ni nini?"

"Ni goli."

"Goli la mpira?"

"La mpira."

"Siyo nyama?"

"Siyo nyama."

Mwenzake mmoja akageuka akatazama ukuta, mabega yakitikisika.

"Maziwa ndiyo hatunywi peke yetu," Kaika akasema, bado kwa upole. "Mpira sijasikia. Huyu Saning'o akija likizo hapa anafunga mpaka tunagombana. Mara ya mwisho tulimweka awe kipa, ili na wengine wacheze. Huko kwenu hafungi?"

"Hata moja."

"Basi kuna mtu kamkataza. Mtafute."

Wakanipa chai iliyopikwa kwa sukari yangu mwenyewe. Kabla sijaondoka, yule aliyetazama ukuta aliniuliza kama na refa nimempelekea sukari.

Kesho yake jioni nilishuka loji nikamkuta Saning'o anamwagilia maua. Nilikuwa na vumbi la wilaya nzima masikioni.

"Nimetoka kwenu," nikamwambia.

"Nimesikia. Kaika kapiga simu." Aliendelea kumwagilia. Ua lile lilipata maji mengi sana.

"Wanasema kuna mtu alikukataza kufunga. Nani?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Ni wewe, kocha."

"Mimi?"

"Siku ya kwanza. Nilifunga yale matatu, ukapiga filimbi. Ukasema hapa hatuchezi mpira wa malishoni. Ukasema, ukifika kwenye boksi inua kichwa, tafuta mwenzako aliye nafasi nzuri kuliko wewe. Ukachora na mishale."

Nilijaribu kukataa, ila nilisikia kabisa sauti yangu ikisema maneno hayo. Yalikuwa ukurasa wa kwanza wa daftari la kozi. Na nilikuwa nimeyapenda mno, kwa sababu ya wale wenzangu wa zamani walionipiga mgongoni.

"Lakini mechi zote hizo, Saning'o? Ulikuwa unaona tunakosa."

"Nilikuwa naona. Nikitoa pasi, wewe unapiga makofi."

Ni kweli. Nilikuwa napiga. Pasi zake zilikuwa nzuri sana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, kocha? Wewe ndiye mwalimu."

Nikamwambia basi, hayo yote yamefutwa. Jumamosi akiona goli, apige. Akaitikia "sawa, kocha" kwa sauti ile ile aliyoniitikia siku ya kwanza, na ningekuwa na akili timamu ningeogopa.

Jumamosi tulicheza na Endamarariek, yaani kwetu. Ndugu zangu walikuja na lori zima kunizomea. Mzee Shirima alikaa kwenye benchi letu, na pembeni yake Kelvin, amekwisha kuvaa.

Nilimwambia Saning'o akiona goli apige. Uwanja wetu hauna jukwaa wala miti, goli linaonekana kutoka kila mahali. Alipiga kutoka kila mahali. Alipiga kutoka katikati. Alipiga kutoka kwenye mpira wa kurusha uliomfikia ukidunda. Mmoja ulivuka barabara ukagonga mlango wa gari la watalii. Wakasimama, wakashuka, wakaanza kupiga picha. Tluway alikuwa peke yake kushoto, mikono juu, anaita mpaka sauti ikakauka.

"Kocha!" kaka yangu akapaza sauti toka upande wa pili. "Huyo wenu anawinda swala!"

Na Endamarariek wakafunga. Tukaenda mapumziko tumelala moja bila.

Wachezaji wakakaa chini na machungwa yao. Mzee Shirima akaja na Kelvin amemshika bega.

"Mwalimu, dogo yuko tayari. Mtoe yule."

Saning'o alikuwa amesimama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyetumwa dukani mara mbili akaleta kitu sicho mara mbili.

"Kocha," akasema, "nipige au nitoe?"

Nyuma yangu kulikuwa na ubao, kalamu ya bluu nilikuwa nayo mfukoni. Nilitafuta jibu katika miaka yote ile, goli baada ya goli, na kila mahali nilikuta jambo moja: mpira uko mguuni, halafu watu wanapiga kelele. Katikati hakuna kitu. Sikuwahi kuwepo pale katikati.

"Sijui," nikasema.

Wote wakaacha kutafuna.

"Mimi mwenyewe sikuwahi kujua. Nilikuwa napiga, au sipigi, halafu nasikia watu."

"Yaani kocha," Tluway akasema taratibu, "msimu mzima huu wa mishale?"

"Mishale nilifundishwa Arusha."

Kipa wetu alianza kucheka, chungwa likampalia, ikabidi apigwe mgongoni. Wakacheka wote isipokuwa Saning'o na Mzee Shirima.

"Hii ni timu au ni sarakasi?" Mzee Shirima akasema. "Mtoe, nimesema."

"Anabaki, Mzee."

"Masharti unayakumbuka."

"Nayakumbuka."

Akamrudisha Kelvin benchi. Sijui kwa nini nilisema vile. Ningependa kuwaandikia kwamba niliona kitu machoni mwa Saning'o, makocha huandika hivyo. Nilichokuwa nakiona ni kijana niliyemkoroga mara mbili, na nilishindwa kumkoroga mara ya tatu kwa kumtoa.

Kipindi cha pili sikusema neno. Nilichelea kila neno. Saning'o kwa dakika nyingi hakufanya lolote la maana. Alipewa mpira akarudisha, akapewa akarudisha, kama mtu anayeonja uji. Kisha akatoka kulia, akawapita wawili, akasukuma pasi ndogo kwa Tluway, naye Tluway, sijui ilikuwaje, akapiga chini. Moja moja. Lori la Endamarariek likanyamaza.

Sare haikututosha. Refa alikuwa ameanza kutazama saa pale mpira mrefu ulipomkuta Saning'o nyuma ya mabeki. Akaingia kwenye boksi. Kipa akatoka. Tluway anakuja kushoto, hana beki hata mmoja. Nafasi mbili, zote nzuri.

Na Saning'o, mpira mguuni, akageuza uso akanitazama mimi.

Ilikuwa kufumba na kufumbua, lakini nilimwona wazi. Alikuwa anasubiri. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuanza kupanda, na naapa sikujua ulikuwa unakwenda kuonyesha nini. Nikaushusha. Nikageuka, nikampa mgongo.

Kwa hiyo goli lile sikuliona. Nilikuwa natazamana na benchi, nikamwona Mzee Shirima anainuka taratibu, mdomo wazi, amemshika Kelvin ukosi wa jezi, anamvuta juu pamoja naye bila kujua kama mtu anavyobeba mfuko. Halafu kelele zikanipiga kwa nyuma.

Tulipanda mkoani. Filimbi nilibaki nayo misimu mingine sita, mpaka magoti yalipokataa hata kusimama pembeni. Nimewauliza watu wengi alifungaje. Kipa wetu anasema mguu wa kulia, Tluway anaapa ni wa kushoto na kwamba yeye ndiye aliyestahili pasi. Wale watalii walikuwa na picha, lakini walikwishaondoka.

Jioni ile, watu walipopungua, nilimfuata Saning'o alikokuwa amekaa akifungua kamba za daluga. Nikamuuliza aliamuaje.

Akavua kiatu, akakung'uta vumbi, akafikiri.

"Kocha," akasema, "si ulinigeuzia mgongo?"

Akavua na cha pili, akaondoka peku kwenda kwa wenzake. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, kwa sauti mbalimbali, na bado sijaamua kama alikuwa ananishukuru au ananilaumu.